Kamba ya Nyuma ya Nyumba

Teresa hakuwahi kubisha hodi kabla ya kutazama kamba ya nguo. Boma lolote aliloingia huko Shinyalu, macho yake yalitangulia kwenye kamba na miguu ikafuata nyuma. Alikuwa mhudumu wa afya ya jamii, mwenye koti lisilo na mikono, mkoba wa mgongoni, mashine ya kupima presha na simu ya kazi iliyokuwa na nyumba mia moja na tatu ndani yake, na bado aliamini kwamba kifaa chake bora kabisa hakikuletwa na serikali. Kilikuwa kipande cha waya kilichofungwa kati ya mti wa mpera na nguzo ya choo.

Kwa kamba alijua mengi. Nyumba yenye mtoto mchanga isiyoanika nepi siku nzima ilimfanya akaze mwendo. Shuka moja ikifuliwa kila asubuhi, alijua kuna mgonjwa ndani ambaye hakutajwa. Shati la bwana likikosekana mwezi mzima, Teresa alijua hata kabla majirani hawajaanza kunong'ona, ila hilo hakuliandika popote, kwa sababu simu haikuuliza.

Nguo za ndani za wanawake ndizo zilizohitaji ufundi. Mwanamke wa huku hazianiki peupe. Huzitandaza kwanza kwenye kamba, kisha huzifunika kwa leso ili jua lipite lakini macho yasipite. Teresa alikuwa na namna yake ya kusimama karibu na kamba, akiuliza habari za mahindi na za ng'ombe, huku kidole kimoja kikiinua pindo la leso kana kwamba ni upepo. Kwa kidole hicho aliwahi kumkuta mama wa mimba ya miezi saba aliyekuwa akitokwa damu kidogo kidogo na kuificha. Mama huyo leo ana pacha wanaokimbiza kuku wa watu. Ukimtania Teresa kwamba yeye ni mpekuzi, atakujibu kwamba ndiyo, na akuulize wewe umeokoa nani kwa adabu zako.

Jumatano moja kila mwezi alikaa na akina mama wa kanisa, chai na nduma mezani, akawafundisha habari za mimba. Somo alilolipenda kuliko yote ndilo lililowafanya wenzake watazame sakafu. Hakukubali majimaji yanayomtoka mwanamke yaitwe uchafu. "Ukimwambia mwanamke ana uchafu, ataenda kujisugua badala ya kwenda hospitali," alisema. "Sema majimaji. Yeyote mwenye mimba yanamtoka, na miezi ikisonga yanaongezekanga. Yakiwa meupe kama maziwa, hayanuki vibaya, hayawashi, hayo ni yako, kaa nayo kwa amani. Lakini yakigeuka kijani, ama manjano, ama kijivu, yakinuka kama samaki, yakianza kuwasha, usikae. Ukiona damu, usikae. Na maji yakitiririka yenyewe hata kama umetulia, usiniulize mimi, usimuulize pasta, toka hapo uende. Si lazima ungoje ile tarehe ya kliniki."

Akina mama walicheka, wengine wakajifunika nyuso kwa vikombe. Nyuma kabisa, karibu na mlango, alikaa Mideva, mke wa Clifford, mwana wa pekee wa Teresa. Mimba yake ilikuwa ya wiki thelathini na mbili. Hakucheka wala hakufunika uso. Alikuwa akikunja ncha ya leso yake na kuikunjua, na Teresa, aliyeona kila kitu katika chumba kile, hilo hakuliona.

Tusimlaumu haraka. Huku kwetu, mwana akishaoa, mguu wa mama yake unaishia sebuleni. Chumba wanamolala mwana na mkewe, mama hakiingii, kitanda hakigusi, na mwenye heshima zaidi hata nyuma ya nyumba hapiti, kwa kuwa ndiko mkamwana anakofulia na kuanika. Teresa alikuwa mjane wa miaka kumi na moja na mambo mengi ya kimila alikuwa ameyaacha njiani, lakini hili alilishika kwa mikono miwili. Alimpenda Mideva na hakutaka kuwa mama mkwe wa kusimuliwa. Nyumba ya Clifford ilikuwa hatua arobaini kutoka jikoni kwake. Mbele yake aliijua hadi nyufa za saruji. Nyuma yake hakuwahi kuiona tangu siku ya kuezekwa. Clifford mwenyewe alikuwa Lugari, kwenye mashamba makubwa ya mahindi, msimu wa kuvuna, akija nyumbani Jumapili moja na kuikosa nyingine.

Basi Alhamisi ile, siku moja baada ya somo, Teresa alikaa jikoni akikoroga uji kwa mkono wa kulia na kubonyeza simu ya kazi kwa wa kushoto. Alikuwa amebakiza nyumba moja tu mwezi huo, nayo ni ya mwanawe. Simu iliuliza kama mama mjamzito ana dalili yoyote ya hatari. Kutokwa damu? Hapana. Kuumwa kichwa? Hapana. Majimaji yasiyo ya kawaida? Hapana. Alimaliza kabla uji haujachemka. Hatua arobaini hakuzitembea, kwa sababu mtu anauliza nini nyumbani kwake mwenyewe? Angekuwa na shida si angesema!

Jumanne iliyofuata alikwenda kumpima presha Khalayi, bibi wa miaka sabini na kitu ambaye shamba lake la viazi vitamu lilipakana na boma la Teresa kwa nyuma. Mtaa mzima ulimwita Kukhu, yaani nyanya, na yeye aliuita mtaa mzima wajinga. Alinyoosha mkono ufungwe mashine, na alipoambiwa anyamaze ili presha isomeke vizuri, ndipo alipoanza kusema.

"Teresa, wewe unasomanga kamba za watu. Ya kwako nani anakusomea?"

"Kukhu, nyamaza kidogo."

"Siwezi nyamaza, hii damu itapanda zaidi nikinyamaza. Huyo mtoto wako Mideva, ni nini anafua? Kila saa nane mawingu yakikusanyika namuona anakimbia kuanua. Ile tumbo yote mbele! Petikoti tano. Jana sita. Na vipande vya leso. Mimi nimezaa tisa, sikuwahi chafua petikoti sita kwa siku na hakuna matope."

Teresa aliitazama mashine. Namba zilikuwa za Khalayi, lakini moyo uliokuwa ukienda mbio ulikuwa wake.

"Tangu lini, Kukhu?"

"Kama wiki tatu. Kwanza zilikuwa mbili mbili. Nikasema si mama mkwe wake ni daktari, lazima anajua." Bibi alimkazia macho, na kejeli ikamtoka usoni. "Kumbe hujui. Enda, mama. Enda, mimi sifi leo."

Teresa hakukumbuka kuandika presha ile. Alipita katikati ya matuta ya viazi, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne aliiona kamba ya nyuma ya nyumba ya mwanawe. Mideva alikuwa amefunika kila kitu kwa leso, kwa mpangilio mzuri kama anavyofanya mwanamke mwenye heshima. Kidole cha Teresa kilipanda chenyewe. Chini ya leso palikuwa na vipande sita, na viwili vilikuwa na alama ya rangi ya manjano inayokaribia kijani, iliyokataa kutoka hata kwa sabuni. Pembeni palikuwa na beseni la maji, na kando yake pakiti ya chumvi.

Alizunguka mbele akabisha.

"Mideva! Uko ndani?"

"Niko, mama. Nimelala tu kidogo."

"Unaumwa?"

"Niko tu sawa, mama."

Sauti ilitoka chumbani, nyuma ya pazia la maua mekundu. Teresa alisimama sebuleni, na mguu wake ukafika pale unapoishia. Alimsikia Mideva akivuta pumzi kama mtu anayejizuia kulia. Sasa, msomaji, mwanamke huyu aliwahi kuingia nyumba ambamo mume alishika panga. Hakuwahi kuogopa mlango. Lakini pazia lile lilimshinda. Akatoa simu yake mwenyewe, si ile ya serikali, akampigia Clifford huko Lugari katikati ya mahindi.

"Clifford, mimi ni mama yako."

"Najua, mama. Kuna nini?"

"Mke wako ni mgonjwa na hasemi. Mimi naingia chumbani kwako."

Mashine ya kupukuchulia ilinguruma upande wa pili. Kisha kijana akapaza sauti hadi ikasikika sebule nzima.

"Mama, ingia! Kwani unangoja nini? Ingia!"

Akaingia. Kwa aibu aliyokuwa nayo alikaza macho kwenye kalenda ya ukutani, akazungumza na kalenda. "Mideva, mwanangu, nimeona kamba. Usinifiche tena. Ni rangi gani?"

Mideva akaangua kilio. Alikuwa amelalia ubavu, leso iliyokunjwa mara nne ikiwa chini yake, na leso hiyo ilikuwa imelowa. Teresa akaiacha kalenda. Akapiga magoti kando ya kitanda cha mwanawe, kitanda asichopaswa kukigusa, akaukumbatia mguu wa mkamwana wake kwa sababu ndio uliokuwa karibu.

Yakatoka yote. Wiki tatu zilizopita majimaji yaligeuka rangi na kuanza kunuka, kisha kuwasha. Akawa anajiosha kwa maji ya chumvi, hadi ndani, asubuhi na jioni. Yakazidi. Na tangu jana asubuhi kilichotoka kilikuwa maji matupu, kidogo kidogo, kila akisimama. "Nikafikiri ni mkojo, mama. Si mtoto anakanyaganga kibofu?"

"Mkojo unaweza kuuzuia. Hii unaweza?"

"Hapana."

"Mtoto anacheza?"

"Anacheza. Saa hii amenipiga teke."

"Tumbo linakaza? Unasikia baridi, homa?"

"Hapana, mama."

Teresa alihesabu wiki kichwani. Thelathini na tatu. Hakumwambia Mideva alichokuwa anahesabu, wala kwamba mapafu ya mtoto wa wiki hizo bado hayajakomaa. Alimpa pamba safi ya kuvaa, akamwambia asijioshe tena na asiweke kitu chochote ndani, na ile leso iliyolowa akaitia kwenye mfuko ili wauguzi waione rangi yake kwa macho yao. Akamwita Kiplagat, jirani mwenye pikapu ya kubeba majani chai. Kiplagat alifika na magunia nusu yamepakiwa, akatazama mara moja tu, akayatupa chini kwenye nyasi bila kuuliza nani atayalinda. Mvua ya saa nane ilianza walipokuwa wakishika barabara ya kwenda mjini. Huko nyuma Khalayi alikuwa akikimbia, kwa namna ya miaka sabini, kuanua petikoti sita.

Hospitali kubwa ya Kakamega mjini ilimpokea Mideva kwa haraka. Muuguzi wa zamu, Kemunto, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, alimlaza, akasikiliza moyo wa mtoto, akauona mfuko wenye leso na kumshukuru aliyeuleta. Daktari alimpima kwa kifaa kilichochemshwa, bila kumtia vidole. Chupa ya uzazi ilikuwa imetoboka na maji yalikuwa yakivuja. Wangempa dawa za kuua viini, sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, wamweke wodini na kumchunga, wakitafuta siku za kumwongezea yule mdogo ndani.

Kemunto alifungua kitabu. "Hizi dalili zilianza lini? Mhudumu wa afya wa kijijini hakuona?"

Teresa alikuwa bado amevaa lile koti. Angeweza kusema mgonjwa alificha, na ingekuwa kweli.

"Mhudumu ni mimi," alisema. "Na mama mkwe ni mimi. Alhamisi nilijaza simu nikiwa jikoni. Niliandika hana shida yoyote. Sikumuuliza."

Kemunto akaandika. Hakumkaripia, na Teresa alitamani angekaripiwa. Alikwenda kukaa kwenye benchi la veranda, akalia kwa kwikwi, mkoba wa serikali magotini. Nyumba mia moja na tatu, na aliyoikosa ndiyo aliyokuwa akisikia harufu ya mboga zake.

Jioni, Mideva alipotulia, Teresa aliuliza lile lililokuwa likimchoma. "Jumatano ulikaa pale ukanisikia. Kwa nini hukuniambia?"

Mideva alitazama dripu. "Wale wengine wanakuambianga kwa sababu wewe ni Teresa. Kwangu wewe ni mama yake Clifford. Ningesema natoka maji ya kijani, ungejiuliza nimeyatoa wapi. Ama ni mimi nimetembea, ama ni yeye. Nikaona bora ninyamaze kuliko kukuchagulia wa kumlaumu."

Kemunto, aliyekuwa akibadilisha chupa ya dawa, aligeuka. "Mama, majibu ya maabara yametoka. Hivi viini huwa vinakaa mle mwilini mwa mwanamke siku zote. Wakati mwingine vinazidi vyenyewe, hasa mtu akijiosha ndani. Hakuna aliyetembea hapa. Na hata kungekuwa na aliyetembea, dawa ingekuwa ni kuja mapema."

Mideva alifumba macho, machozi yakapita kwenye masikio. Clifford, aliyekuwa amefika na makapi ya mahindi kwenye nywele, alisimama kwenye mlango wa wodi akiwa hajui amkumbatie nani kwanza. Akamkumbatia mkewe, kisha mama yake, kisha kwa kuchanganyikiwa akampa muuguzi mkono.

Walisubiri siku tisa. Teresa alilala kwa dada yake mjini, na kila asubuhi aliingia wodini na swali lile lile, anacheza? Siku ya kumi uchungu ulikuja wenyewe. Akatoka msichana wa kilo mbili kasoro kidogo, mwenye kilio chembamba lakini cha hasira. Alikaa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, na Mideva alipochoka akakaa kifuani kwa Clifford. Siku moja Clifford alikwenda kutafuta chakula, naye Teresa akafunguliwa vifungo vya blauzi na Kemunto, akawekewa mjukuu juu ya moyo. Hakuthubutu kukohoa kwa saa mbili.

Waliporudi Shinyalu, mzee Barasa, ndugu wa marehemu mumewe, alikuwa akingoja kwenye kiti. Alisema habari zimemfikia kwamba mama ameingia chumba cha mwana, na jambo kama hilo haliachwi hivi hivi. Alidai ingokho, jogoo mzima, wa kulisafisha jambo hilo. Teresa hakubishana. Alichinja jogoo, akapika obusuma, ugali wa kushiba, mzee akanena maneno yake na kutema mate kidogo upande wa nyumba. Kisha Teresa akajipakulia paja, akamwambia Barasa kwamba chumba chenyewe anakikumbuka vizuri, na akihitajika atakirudia kesho, kwa hiyo mzee aanze kufuga kuku. Mideva alicheka hadi akashika tumbo.

Mwezi ulipoisha, simu ya kazi ilidai tena nyumba yake. Teresa alizitembea zile hatua arobaini, akakaa sebuleni, akauliza maswali yote kwa sauti, moja baada ya jingine, kama anavyomuuliza mgeni. Mideva alijibu yote. Alipoulizwa kuhusu majimaji baada ya kujifungua alijibu rangi yake na kiasi chake bila kutazama sakafu. Teresa aliandika kama alivyoambiwa.

Asubuhi iliyofuata alikuwa jikoni akipuliza moto aliposikia nyundo. Alichungulia mlangoni. Clifford alikuwa amepanda juu ya kiti, akipigilia msumari kwenye mwimo wa mbele wa nyumba yake, na waya umekwisha kufungwa upande wa pili kwenye mparachichi, ukikatiza ua mzima, ukielekeana na mlango wa jiko la mama yake. Mideva alikuja na beseni kiunoni, mtoto mgongoni. Akaanika nepi kumi na moja, kisha petikoti mbili. Akachukua leso, akaishika hewani kidogo, akaikunja na kuirudisha kwenye beseni.

"Mama," aliita kutoka kule, "leo unaona nini?"

Teresa alijifuta macho, akasingizia moshi.

"Naona ziko safi, mwanangu," alisema. "Naona zote."